Linux kwenye kompyuta mpakato

Linux kwenye kompyuta mpakato ni matumizi ya mfumo huria wa uendeshaji wenye kerneli ya Linux kwenye kompyuta ya kubebeka, ama badala ya Windows au macOS, ama pamoja nayo. Kwa kuwa kompyuta nyingi huuzwa zikiwa na Windows tayari, kazi ya kuchagua mashine inayofaa na kusakinisha mfumo hufanywa kwa kawaida na mtumiaji mwenyewe au fundi wake.

Kompyuta ya mezani ikiwa na kadi isiyofaa, kadi hiyo hubadilishwa kwa urahisi. Katika kompyuta mpakato sehemu nyingi zimefungwa kiwandani, na baadhi zimeunganishwa moja kwa moja na ubao mkuu. Kwa sababu hiyo kinachoamua mafanikio mara nyingi si kasi ya prosesa wala umri wa mashine, bali ni kama Wi-Fi, michoro, sauti na usimamizi wa umeme vinatambuliwa na kerneli.

Historia

Kerneli ya Linux ilitolewa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Iliunganishwa na programu za mradi wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman, na hivyo kupatikana mfumo kamili. Kerneli na programu zake husambazwa pamoja katika mikusanyiko inayoitwa distro. Kati ya zinazojulikana zaidi ni Debian (1993), Fedora (2003), Ubuntu (2004) na Linux Mint (2006).

Kampuni ya System76 ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2005, huuza kompyuta zenye Linux tayari. Mwaka 2012 Dell nayo ilianza kuuza aina ya XPS 13 ikiwa na Ubuntu.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya masahihisho kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo kwa jumla huanzia kizazi cha nane. Kompyuta nyingi zilizo nzima zimeachwa nje. Kwa wenye mashine hizo, Linux ni njia mojawapo ya kuendelea kupata masahihisho ya usalama bila kununua kompyuta mpya. Jambo hilo lina uzito katika Afrika ya Mashariki, ambako kompyuta zilizokwisha kutumika katika nchi nyingine huuzwa madukani.

Kuchagua kompyuta

Prosesa inapaswa kuwa ya biti 64. Ubuntu iliacha kutoa diski ya kusakinishia ya biti 32 kwa kompyuta za kawaida mwaka 2017, na Debian ilifanya hivyo katika toleo la 13 la mwaka 2025. RAM ya GB 4 inatosha kwa mazingira mepesi kama Xfce au LXQt. Kwa GNOME au KDE Plasma ni afadhali GB 8. Katika mashine ya zamani, kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD huleta tofauti kubwa kuliko badiliko lingine lolote.

Kadi za Wi-Fi za Intel zina draiva ndani ya kerneli. Kadi nyingi za Broadcom huhitaji kifurushi cha ziada, ambacho hupakuliwa kutoka kwenye intaneti; mtumiaji hujikuta anahitaji mtandao ili apate mtandao. Njia ya kutokea ni kutumia waya wa Ethernet, au simu iliyounganishwa kwa waya wa USB na kugawa intaneti yake. Kubadilisha kadi si jibu kila mara: baadhi ya ThinkPad za zamani, kwa mfano X220 na X230, hukataa kuwaka zikiwekewa kadi ya Wi-Fi isiyo katika orodha ya BIOS yake.

Michoro ya Intel na AMD hufanya kazi kwa draiva zilizo ndani ya kerneli. Kadi za NVIDIA hufanya kazi vizuri zaidi kwa draiva ya kampuni yenyewe, ambayo husakinishwa kando. Kompyuta za Apple zenye chipu ya M1 na zilizofuata hazikubali distro za kawaida moja kwa moja. Mradi wa Asahi Linux ulianzishwa kwa ajili yake.

Kati ya kompyuta zilizotumika, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya ofisi, kama ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP, hupendwa kwa sababu hufunguka kwa skrubu na vipuri vyake hupatikana. Kabla ya kulipa, inafaa kuhakikisha kwamba BIOS haina nywila ya mmiliki wa awali. Isipojulikana, nywila hiyo inaweza kumzuia mnunuzi kuwasha mashine kutoka kwenye flashi.

Kujaribu kabla ya kusakinisha

Distro nyingi huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi ya USB bila kugusa diski ya kompyuta. Faili la ISO hupakuliwa kutoka tovuti ya distro, huhakikiwa kwa amri ya sha256sum, kisha huandikwa kwenye flashi kwa programu kama Rufus. Tendo hilo hufuta kila kilichokuwa kwenye flashi. Kompyuta ikiwashwa, orodha ya vifaa vya kuwakia hufunguliwa kwa kitufe cha F12 kwenye ThinkPad na Dell nyingi, au F9 kwenye HP.

Katika hali hiyo ya majaribio hukaguliwa Wi-Fi, Bluetooth, sauti, kamera, mwanga wa skrini, na kama mashine inaamka vizuri baada ya kufunikwa. Amri ya lspci -k huonyesha kila kadi na draiva inayoiendesha. Amri ya upower -d huonyesha uwezo wa sasa wa betri ukilinganishwa na ule wa kiwandani. Mnunuzi wa kompyuta iliyotumika akija dukani na flashi yake anaweza kuyajua hayo yote kabla ya kutoa fedha.

Kusakinisha

Hatua ya kwanza ni kuweka nakala rudufu ya mafaili nje ya kompyuta, kwa kuwa kosa moja katika kugawa diski linaweza kufuta yote. Anayetaka kubaki na Windows huhitaji mambo matatu zaidi:

- kuhifadhi ufunguo wa BitLocker, kwani mabadiliko katika BIOS yanaweza kuifanya Windows iuombe;
- kuzima uanzaji wa haraka wa Windows, ambao huacha diski katika hali isiyo salama kuandikwa na mfumo mwingine;
- kupunguza sehemu ya Windows kwa kutumia Windows yenyewe, ili ipatikane nafasi tupu.

Kisakinishi kisipoiona diski, sababu mara nyingi ni kwamba BIOS imewekwa katika hali ya RAID ya Intel badala ya AHCI. Kubadilisha hali hiyo bila kuiandaa Windows kunaweza kuifanya isiwake.

Diski nzima inaweza kusimbwa kwa LUKS, ili mwizi wa kompyuta asisome yaliyomo. Nywila yake ikisahaulika na hakuna ufunguo mwingine uliowekwa, data haipatikani tena.

Baada ya kusakinisha

Masahihisho yote huwekwa kwanza. Programu ya fwupd huweza pia kusasisha BIOS kwa mashine ambazo watengenezaji wake wanashiriki. Kifurushi cha TLP husaidia kupunguza matumizi ya umeme, na kwenye ThinkPad nyingi huweza kuzuia betri isichajiwe kupita kiwango kilichochaguliwa, kwa mfano asilimia 80, ili idumu.

Penye mifumo miwili, saa hugongana. Linux kwa kawaida huweka saa ya ubao mkuu kwa UTC, ilhali Windows huisoma kama saa ya mahali. Kwa hiyo Afrika ya Mashariki Windows huonekana kuchelewa kwa saa tatu. Amri ya timedatectl set-local-rtc 1 huondoa tofauti hiyo.

Kiswahili

Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Distro za leo zina mipangilio ya Kiswahili ya Tanzania na ya Kenya kwa tarehe na fedha, pamoja na kibodi zake. Hata hivyo tafsiri za menyu hazijakamilika, na sehemu nyingi hubaki kwa Kiingereza.