Tarehe ya Sarafu za Shaba za Roma

Mnamo mwaka 23 KK, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimekwisha, Augustus aliipanga upya sarafu ya Roma. Dhahabu na fedha zililipa majeshi. Shaba ikawa ya sokoni. Sesterti na dupondi zilipigwa kwa shaba ya manjano, iliyochanganywa na zinki. Asi na kwadransi kwa shaba nyekundu. Asi nne zilikuwa sesterti moja, na sesterti nne dinari moja ya fedha. Kwadransi, robo ya asi, ilimwingiza mtu hamamu ya umma.

Sesterti, yenye gramu 25 hivi, ilikuwa pana, na watawala wakaitumia kutangaza habari zao. Mwaka 71 Vespasian alitoa ile ya mwanamke aliaye chini ya mtende, kutangaza kwamba Uyahudi umeshindwa. Mwanawe Titus akapiga yenye picha ya Colosseum, majukwaa yamefurika watu.

Kilichoiua shaba ni fedha. Mwaka 215 Caracalla alitoa sarafu mpya ya fedha iliyohesabiwa dinari mbili, ilhali fedha iliyokuwamo haikufikia ya dinari mbili. Waliomfuata, wakibanwa na mishahara ya askari, walizidi kuipunguza, hata kufikia mwaka 270 ikawa shaba iliyopakwa fedha juujuu. Kwa hesabu za serikali, kisarafu hicho cha gramu tatu hivi kilikuwa sawa na sesterti nane nzito. Nani angetumia sesterti kwa bei hiyo? Zikayeyushwa, na hata kabla ya hapo Postumus, mtawala aliyejitenga kule Galia, alikuwa amezipiga upya za zamani kwa thamani maradufu.

Vurugu zikafika hata kiwandani. Mwaka 271 mafundi wa kiwanda cha sarafu cha Roma, wakiongozwa na Felicissimus, walimwasi mtawala Aurelian. Damu nyingi ikamwagika. Mwaka 294 Diocletian alileta sarafu mpya kubwa ya shaba yenye fedha kidogo, lakini bei hazikushuka. Mwaka 301 akaweka bei za juu kabisa kwa amri, adhabu ikiwa kifo, nayo ikashindwa. Sarafu hiyo ilizidi kupungua, mpaka ikawa punje isiyofika gramu mbili.

Ni mtawala Anastasius, kule Constantinople, aliyeirudishia shaba heshima mwaka 498. Alipiga sarafu kubwa yenye herufi M, yaani thamani ya punje 40 kama hizo, na mwaka 512 akaongeza uzito wake maradufu. Diocletian alitishia kifo asitiiwe. Anastasius aliongeza shaba, na watu wakaipokea.