Kutoka kipande hadi barua pepe

Kipande kilikuwa hati ambayo serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika wa Kenya, kuanzia miaka 16, kutembea nayo. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, na usajili ukaanza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kilibeba jina, kabila, alama za vidole na kumbukumbu za waajiri, kikavaliwa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kibarua aliyetoroka kazi alisakwa kwa rekodi zilizowekwa Nairobi.

Watu walikikataa mapema. Mwaka 1921 mkutano wa Lundha, Gem, katika mkoa wa Nyanza uliojumuisha pia Kakamega ya wakati huo, ulidai kifutwe. Hakikufutwa; dhahabu ilipogunduliwa Kakamega mwaka 1931 na migodi kama Rosterman kuchimbwa, vibarua bado walifungwa na sheria hiyo. Mwaka 1947 ndipo ilipotungwa sheria ya kusajili watu wa rangi zote.

Intaneti ilipoingia Kenya katikati ya miaka ya 1990, alama ya kumfuatilia mtu ilihamia ndani ya barua. Kila seva inayopitisha barua pepe hugonga muhuri wake katika kichwa cha barua, sehemu ambayo kwa kawaida msomaji haioni: saa, njia, na namba ya mtandao iitwayo anwani ya IP. Hotmail, huduma ya barua pepe iliyoanzishwa mwaka 1996, iliandika humo namba ya mtumaji mwenyewe. Kwa aliyeandika kutoka saiba, duka la intaneti ambako kompyuta nyingi hutumia namba moja, alama hiyo iliishia mlangoni pa duka.

Mbinu nyingine humlenga msomaji. Picha ya nukta moja, isiyoonekana kwa macho, hupachikwa ndani ya barua. Barua ikifunguliwa, picha huitwa kutoka kwenye seva ya mtumaji, ambaye hujua saa ya kusomwa na huweza kupata anwani ya IP ya msomaji. Tangu mwaka 2013 Gmail hupitisha picha kwenye seva zake ili kuificha anwani hiyo, lakini mtumaji bado anaweza kujua kwamba barua imefunguliwa.

Aliyevaa kipande alihisi uzito wake. Msomaji wa barua pepe hahisi chochote. Hata hivyo, nchini Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, iliyojengwa juu ya Ibara ya 31 ya Katiba, inahesabu vitambulishi vya mtandaoni, pamoja na jina na namba ya kitambulisho, miongoni mwa vitu vinavyomtambulisha mtu, na kumpa mwenye data haki ya kuarifiwa itatumiwaje.