Sikio Baina ya Mlima na Bahari

Abiria ateremkaye kwa basi kutoka Iringa kuelekea pwani hufika mahali, katika makona ya Mlima Kitonga, ambapo masikio huziba. Muungurumo wa injini hufifia, na maneno ya jirani husikika kama yatokayo nyuma ya ukuta. Kisha mtu humeza mate au hupiga miayo, na sauti zote hurejea. Watu wa Nyanda za Juu Kusini wameizoea hali hiyo tangu utotoni, wala hawaihesabu kuwa maradhi. Mpiga mbizi wa Unguja, wa Mafia au wa Lamu naye anaijua, ila kwake yeye mara nyingine haiishi kwa miayo. Huishia kwa damu. Jambo ni moja, lina sura mbili, na historia yake imewafunga pamoja watu wa milima na watu wa bahari kuliko inavyodhaniwa.

Asili yake ni hewa. Nyuma ya kiwambo cha sikio pana chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho kina njia moja tu ya kupumulia, nayo ni mrija mwembamba ushukao hadi nyuma ya pua na koo. Mtaalamu wa Kiitaliano, Bartolomeo Eustachi, aliueleza mrija huo katika miaka ya 1560, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mtu akipanda juu, hewa ya ndani hutanuka na hujitokea yenyewe. Akishuka, hewa ya nje hukandamiza kiwambo kwa ndani, na mrija, ambao kwa desturi umefumba, hauna budi kufunguliwa. Ndiyo maana Kitonga huumiza zaidi wakati wa kushuka kuliko wakati wa kupanda.

Kwamba hewa ina uzito, na uzito huo hupungua kwa kadiri mtu apandavyo, kulithibitishwa Ufaransa tarehe 19 Septemba 1648. Siku hiyo Florin Périer, kwa maagizo ya shemeji yake Blaise Pascal, alipanda mlima wa Puy de Dôme akiwa na bomba la zebaki, akaiona zebaki ikishuka. Miaka 135 baadaye, mwezi Desemba 1783, Jacques Charles alipaa kwa puto la haidrojeni hadi mita zipatazo 3,000, akashikwa na maumivu makali ya sikio. Hakurudi tena angani.

Lakini wazamaji walikuwa wameyajua hayo kabla ya wenye mabomba na maputo. Katika kitabu cha maswali kilichonasibishwa na Aristotle, yaulizwa kwa nini masikio ya wapiga mbizi hupasuka baharini, na kwa nini wachuma sponji huyachanja masikio na pua zao. Karne nyingi baadaye, al-Masudi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 956, aliwaeleza wazamia lulu wa Ghuba ya Uajemi. Aliandika kwamba hufunga pua kwa kibano, hutia masikioni pamba iliyolowa mafuta, na hutobolewa mashina ya masikio ili pumzi ipate pa kutokea. Huyu ndiye al-Masudi aliyesafiri kutoka Omani hadi kisiwa cha Qanbalu katika nchi ya Zanj, kisiwa ambacho wanazuoni wengi hukidhania kuwa ni Pemba. Bahari ya lulu na bahari yetu zilikuwa katika kumbukumbu ya msafiri mmoja.

Baadhi ya desturi hizo zilikuwa na hekima na baadhi zilikuwa na madhara. Kibano cha pua, ambacho katika Ghuba kilitengenezwa aghlabu kwa gamba la ng'amba au kwa pembe, kilizuia maji, na juu ya hayo kiliziba pua ili pumzi ikisukumwa ipate kuingia katika mrija. Ndiyo njia ile ile aliyoieleza Antonio Valsalva wa Bologna katika kitabu chake cha mwaka 1704, ingawa yeye aliikusudia kwa kutoa usaha sikioni. Pamba na nta, kinyume chake, huziba tundu la nje na kuacha nyuma yake hewa iliyofungika, na hewa hiyo huweza kukivuta kiwambo kwa nje kadiri mtu azidivyo kuzama.

Hapa ndipo milima ya kusini inapoingia katika habari ya bahari. Katikati ya karne ya 19, Kanali Rigby, balozi wa Uingereza Zanzibar, alimwambia David Livingstone kwamba watumwa 19,000 kutoka nchi za Nyasa pekee hupita kila mwaka katika forodha ya Zanzibar. Wengi wao walipitia Kilwa. Mwaka 1877, konsuli Frederic Elton alipotoka kichwa cha Ziwa Nyasa kuelekea pwani, alipita Usangu, katika Mbeya ya leo, akamkuta Merere amezingirwa na Wahehe. Vita vya namna hiyo vilizaa mateka, na mateka walikuwa na bei. Mkataba wa Juni 1873 ulikuwa umekwisha kuufunga mnada wa Zanzibar, lakini katika Ghuba mahitaji ya tende na lulu yalikuwa yakipanda, na majahazi yaliendelea kuvusha watu kwa siri.

Kwa hiyo baadhi ya watu hao wa bara, na miongoni mwao wale walioitwa Wanyasa, waliishia kupiga mbizi katika bahari ambayo wazee wao hawakupata kuiona. Mwanzoni mwa karne ya 20 uvuvi wa lulu uliwaajiri watu zaidi ya 70,000 katika Ghuba nzima. Mzamaji alifunga jiwe mguuni, akashuka pima kadhaa, akachuma chaza kwa pumzi moja, akavutwa juu kwa kamba. Na hivyo mara nyingi kwa siku, kwa miezi ya kiangazi. Aliyekuwa mtumwa, mapato yake yalikuwa ya bwana. Aliyekuwa huru, aghlabu alikuwa amefungwa na deni la nahodha. Kupasuka kiwambo lilikuwa jambo la kawaida, na uziwi wa uzeeni ulihesabiwa kuwa sehemu ya kazi. Juu ya sitaha palikuwa na mwimbaji aliyelipwa ili nyimbo zake ziwape watu nguvu. Waliokuwa chini ya maji kwa ajili ya lulu ndio waliokuwa wakipoteza, siku baada ya siku, uwezo wa kuzisikia.

Uzito wa mateso hayo huonekana vyema kwa hesabu ya nyanda za juu. Iringa ipo kiasi cha mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya kiasi cha 1,700. Tofauti ya shinikizo la hewa, ambalo shuleni huitwa kanieneo, baina ya miji hiyo na pwani ni sawa na uzito wa maji ya kina kisichofika mita 2. Yaani, safari nzima ya kutoka Iringa hadi Dar es Salaam, inayochukua siku, kwa sikio ni mbizi ya mita 2 tu. Mpiga mbizi hukata masafa hayo kwa sekunde chache, na afikapo mita 10 shinikizo limekuwa maradufu ya lile la juu ya maji.

Kutokana na hayo yamezaliwa mafunzo ya kisasa, khasa baada ya mwaka 1943, Jacques Cousteau na Émile Gagnan walipounda kifaa cha kupumulia chini ya maji. Masikio huzibuliwa mapema, kuanzia nusu mita ya kwanza, na mara kwa mara kabla maumivu hayajaanza. Kwani tofauti ikizidi mita moja na kidogo, mrija hubanwa na haufunguki tena kwa urahisi. Kushuka miguu ikitangulia, polepole, ukishika kamba, kunasaidia. Pua hubanwa na pumzi husukumwa kwa upole, ama mtu humeza mate. Ikishindikana, hupanda mita moja akajaribu tena. Akishindwa kabisa, huiacha mbizi ya siku hiyo. Asukumaye kwa nguvu huweza kulijeruhi sikio la ndani, na jeraha hilo huacha mvumo na uziwi usiopona. Mwenye mafua hazami. Kiwambo kikipasuka, maji baridi huingia ndani na kuleta kizunguzungu kikali. Mtu hutulia, akashika kitu mpaka kipite, kisha hupanda na kwenda kwa daktari, bila kutia sikioni mafuta wala dawa yoyote ya kujibunia. Aghlabu kiwambo hujifunga chenyewe kwa muda wa wiki kadhaa, maadamu hakiingii maji.

Kwa mtu wa Mbeya na Iringa limeongezeka jambo la pili. Ziwa Nyasa lipo karibu mita 470 juu ya usawa wa bahari, na mbizi yoyote juu ya mita 300 huhesabiwa kuwa mbizi ya nyanda za juu, yenye majedwali yake. Azamaye Matema kwa mtungi wa hewa kisha akapanda gari kwenda Mbeya hupanda zaidi ya mita 1,200 hali naitrojeni ingali mwilini mwake, na viputo vyake huweza kudhuru viungo, uti wa mgongo, hata sikio la ndani. Ni vivyo hivyo kwa azamaye Mafia asubuhi na jioni akaruka kwenda Songwe, kiwanja kilichofunguliwa mwaka 2012. Wataalamu waliokutana Marekani mwaka 2002 walishauri kungoja angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyohitaji vituo vya kupandia, na saa 18 baada ya mbizi nyingi.

Katika kanuni zote hizo, iliyo kuu ni ile ndogo kuliko zote: maumivu yakianza, rudi juu. Aristotle hakuwa nayo, wala al-Masudi, na wazamia lulu waliijua miilini mwao bila kuruhusiwa kuifuata, kwa kuwa kamba ilikuwa mikononi mwa mwingine. Leo wapo vijana wa mwambao wazamao kutafuta majongoo bahari kwa mitungi ya kukodi, bila mafunzo, na malipo yao hupimwa kwa wanachopandisha. Kanuni ile haitawafaa mpaka atakayerudi na kikapu kitupu kwa sababu ya sikio asilazwe na njaa kwa ajili hiyo.