Kadhi na Jaji katika Pwani ya Kenya

Mtu akifa na kuacha nyumba, shamba na watoto, nani atagawa urithi wake? Tena kwa sheria gani? Kila nchi yenye watu wa dini mbalimbali hukutana na neno hili. Tutazame, wasomaji wapenzi, jinsi walivyolikata shauri hili huko Kenya.

Zamani Waislamu wa pwani walipeleka kesi zao kwa kadhi, mtu aliyesoma sheria ya dini yao. Pwani ile ilikuwa mali ya Sultani wa Unguja. Mwaka 1895 Sultani Hamed bin Thuwaini alipatana na Waingereza: wao watawale ukanda wa pwani, maili 10 upana wake, lakini nchi ihesabiwe kuwa yake bado. Waislamu nao waliahidiwa kwamba dini na desturi zao za kale zitaheshimiwa.

Uhuru ulipokaribia, wengi wa pwani waliingiwa na hofu. Je, serikali mpya itaishika ahadi ile? Basi Oktoba 1963 Jomo Kenyatta aliandikiana na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Unguja. Pwani ingeunganishwa na Kenya, na Kenya ingelinda baraza la kadhi siku zote.

Januari 1964 serikali ya Sultani ilipinduliwa. Aliyepewa ahadi hakuwapo tena kuidai. Hata hivyo Kenya haikuitupa. Mwaka 1967 ilitunga sheria ya makadhi, nayo ikaweka mipaka. Kadhi huamua mambo ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na urithi tu, kati ya Waislamu. Mwizi na muuaji si kazi yake. Mashahidi wote wasikilizwe bila kubaguliwa kwa dini, wala kwa kuwa mwanamume au mwanamke. Na neno lao lipimwe kwa ukweli wake, si kwa wingi wao. Asiyeridhika aweza kukata rufani kwa jaji wa serikali.

Lakini magumu hayakwisha. Katika urithi wa Kiislamu, fungu la binti ni nusu ya fungu la ndugu yake wa kiume. Mwaka 1972 serikali ilitunga sheria moja ya urithi kwa watu wote. Waislamu walilalamika sana, na mwaka 1990 waliondolewa katika sheria hiyo.

Wakristo nao walikuwa na swali lao: kwa nini kodi ya wote ilipe hakimu wa dini moja? Mwaka 2004 wachungaji kadhaa walikwenda mahakamani, na Mei 2010 majaji watatu waliwapa haki. Lakini tarehe 4 Agosti 2010 wananchi waliipigia kura katiba mpya, yenye makadhi ndani yake, nayo ikapita. Katiba hiyo yasema watu wote ni sawa. Ila yaruhusu usawa huo upunguzwe, kwa kiasi kinachohitajika tu, mbele ya kadhi. Tena yataka wote wenye kesi wawe Waislamu, nao wakubali wenyewe kuhukumiwa naye.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Kenya imelilipa deni hilo hata baada ya mwenye kudai kuondoka. Lakini deni kwa yule binti ni lipi? Hapo kadhi na jaji wangali na kazi.