Chuo Kikuu Kisicho na Ng'ombe

Mzee mmoja wa kwetu Myanga aliletewa habari kwamba mjukuu wake amepata nafasi katika chuo kikuu kilichofungua bewa mjini Kitale. Alifurahi, akaitisha chai, kisha akauliza swali ambalo kijana hakulitarajia: ng'ombe wa chuo hicho hulishwa wapi? Kijana alicheka. Chuo kilikuwa orofa ya pili, juu ya duka la agroveti, na chini ya ngazi alikaa mama wa mahindi ya kuchoma. Hapakuwa na mahali pa kufunga hata mbuzi.

Swali hilo halikuwa la ushamba. Katika umri wa mzee yule, kila shule kubwa aliyoijua ilianza na shamba. Misheni ilipewa ardhi, ikajenga kanisa, ikapanda mikaratusi kuzunguka mpaka, ikafuga ng'ombe wa maziwa, na wanafunzi wakalima kabla ya kengele ya asubuhi. Elimu isiyo na ardhi kwake ilikuwa kama mkwe asiye na boma. Nikiitazama historia ya vyuo vikuu vya kibinafsi katika magharibi ya Kenya, naona mzee aliushika uzi wenyewe.

Myanga ni kituo kidogo cha biashara katika eneo la Bumula, upande wa Bungoma unaoelekea Malaba. Ni nchi ya miwa, na reli iendayo Uganda hupita huko. Reli hiyo ilifika Eldoret mwaka 1924, na kabla ya muongo huo kwisha ilikuwa imeshavuka mpaka; tawi la Kitale lilifunguliwa mwaka 1926. Kwa watu wa huku, kwenda kusoma maana yake ilikuwa kwenda magharibi. Kampala iko karibu zaidi kuliko Nairobi, na Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi wakati Nairobi haikuwa na chuo cha namna hiyo kwa Waafrika. Nairobi ilipata chuo kikuu kamili kinachojitegemea mwaka 1970 tu.

Masinde Muliro, aliyezaliwa Matili karibu na Kimilili mwaka 1922, aliifuata njia hiyo ya magharibi hadi St. Peter's College, Tororo. Halafu akaenda mbali kupita wenzake wengi: Chuo Kikuu cha Cape Town, akaingia mwaka 1949 na kutoka na shahada mwaka 1953, ubaguzi wa rangi ukiwa umeshatiwa katika sheria za Afrika Kusini. Aliporudi alifundisha kabla ya kuingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Chuo kikuu kilichoko Kakamega kina jina lake leo, nacho nitakirudia.

Vyuo vikuu vya kibinafsi vya huku kwetu vililetwa na makanisa. Cha kwanza Kenya kupata hati rasmi ya serikali si cha Nairobi bali cha Nandi: Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Baraton, cha Waadventista Wasabato, kilichopewa hati tarehe 28 Machi 1991. Masomo yalikuwa yameanza mwaka 1980 kwa wanafunzi 22, idadi inayotosha matatu moja na nusu ya siku hizi. Ardhi yake ilikuwa kituo cha serikali cha utafiti wa mifugo. Kwa maneno mengine, ng'ombe walitangulia na maprofesa wakafuata. Kijana kutoka Bungoma aliyeingia Baraton alikuta maisha yenye taratibu zake: Jumamosi hakuna masomo, mezani hakuna nyama, na mashamba ya chai ya Nandi yanakizunguka chuo ambacho kanisa lake huwahimiza waumini wasinywe chai. Mluhya wa kuku na chai ya maziwa alihitaji muhula mzima kuzoea. Lakini walimu waliishi pale pale. Ungeweza kumkuta mhadhiri wako wa hisabati akitembea na watoto wake jioni, ukamuuliza lile swali lililokushinda.

Wakatoliki walikuja kwa njia nyingine, na hii naipenda zaidi kwa sababu ni kisa cha chuo kilichohama nchi. Maaskofu wa Afrika Mashariki walikuwa na taasisi ya uchungaji pale Gaba, kando ya Ziwa Viktoria nje ya Kampala. Walimu wake walitoka nchi nyingi, miongoni mwao Aylward Shorter, padri Mwingereza na mwanaanthropolojia aliyeandika sana kuhusu imani na utamaduni wa Waafrika. Utawala wa Idi Amin ulipozidi kuwa mgumu, taasisi ilihamishiwa Eldoret mwaka 1976. Ilikuja na jina lake. Baadaye ikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, kilichopata hati mwaka 1992, na mpaka leo mgeni anayeambiwa kuna "Bewa la Gaba" mjini Eldoret huuliza huyo Gaba alikuwa nani. Ni kitongoji cha Kampala kilichopandikizwa kwenye nyanda za ngano.

Jambo hili la chuo kimoja kuwa na matawi mengi si letu peke yetu. Huko Monterrey, kaskazini mwa Meksiko, kundi la wenye viwanda likiongozwa na Eugenio Garza Sada lilianzisha chuo cha teknolojia mwaka 1943. Familia ya Garza Sada ilikuwa ya watengeneza bia na chuma, na walitaka wahandisi wao wenyewe bila kuwatuma vijana Marekani. Leo Tecnológico de Monterrey kina mabewa zaidi ya 20 nchini humo. Mbinu yao ilikuwa kwamba mji ukitaka bewa, wafanyabiashara wa mji huo waunde chama, wachange, watafute kiwanja na kujenga. Mwaka 1989, chini ya rekta Rafael Rangel Sostmann, walianza kurusha masomo kwa setilaiti kutoka bewa moja hadi mengine. Na kuna uzi mwembamba unaotuunganisha na Meksiko moja kwa moja: chuo cha Marekani kilichofungua bewa Nairobi mwaka 1969, tunachokiita sasa USIU, kilikuwa na bewa pia katika Jiji la Meksiko. Hao wawili walikuwa ndugu wa mama mmoja aliyekaa San Diego. Wa Nairobi alipata hati yake mwaka 1999, na kwa zaidi ya miaka 20 aliongozwa na Profesa Freida Brown, Mmarekani.

Hiyo ya kuchanga kwa ajili ya chuo, sisi tuliijua bila kufundishwa na Monterrey. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 harambee za vyuo vya teknolojia zilienea Kenya nzima, kila jimbo likitaka chake. Watu wa Magharibi walitoa kuku, mahindi na shilingi ili chuo cha WECO kisimame Kakamega. Bungoma nayo ikapata chuo cha Sang'alo. WECO ilipita mikono mingi, ikawa chuo tanzu cha Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2002, na mwaka 2007 ikawa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Ni cha umma, kwa hiyo si cha makala haya hasa, ila nakitaja kwa sababu jogoo waliotolewa na akina mama wa vijijini wamo ndani ya msingi wake, na hakuna bamba lolote lenye majina yao.

Kisha akaja mfanyabiashara. Simon Gicharu, mwalimu kwa mafunzo, alianza na chuo cha kompyuta mjini Thika. Chuo hicho, Thika Institute of Technology, kilipata idhini ya muda ya kuwa chuo kikuu mwaka 2008 na hati kamili mwaka 2011, kikaitwa Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Ndicho kilichofanana zaidi na mfumo wa Meksiko kwa kasi ya kuenea: Nairobi, Nakuru, Eldoret, Mombasa, Kakamega, Kitale, Lodwar, hata Kigali nchini Rwanda. Hapa hakukuwa na askofu wala waziri wa kuteua. Mwanzilishi alikaa barazani, na uongozi wa kila siku akapewa Profesa Stanley Waudo, naibu chansela wa kwanza. Baadaye akafuata Deogratius Jaganyi, mwanakemia aliyefundisha miaka mingi Afrika Kusini. Kitale wenyewe walitania kwamba chuo cha Mlima Kenya kimekuja kusomeshea chini ya Mlima Elgon bila kuomba ruhusa.

Mount Kenya hakikuwa peke yake. Tangu mwaka 1998, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kupokea wanafunzi wa kujilipia karo, vyuo vya umma navyo viligundua kwamba darasa la jioni huleta pesa. Kufikia muongo uliofuata, barabara kuu za Kitale, Bungoma na Eldoret zilijaa vibao vya vyuo vikuu kama zilivyojaa vya simu. Kibao cha bluu hapa, chekundu pale, na mshale unaoelekeza kwenye ngazi. Orofa ya kwanza duka la dawa, ya pili shahada ya biashara, ya tatu kanisa. Jumapili ngoma za juu zilitikisa viti vya darasani.

Tusiwacheke waliosomea humo. Mwalimu wa shule ya msingi wa Bumula, mwenye cheti cha P1, watoto wanne na nusu ekari ya miwa, angewezaje kwenda Baraton miaka minne? Bewa la ghorofani lilimruhusu kufundisha hadi Ijumaa na kusoma wikendi na likizo. Karo alilipa kwa awamu: mshahara kidogo, pesa za miwa zikija, na ikibidi dume moja. Nawajua walimu wakuu wa leo ambao stakabadhi zao za karo zimefungwa kwa mpira kwenye droo, moja baada ya nyingine, shilingi elfu tatu, elfu tano, elfu mbili mia tano.

Wahadhiri wao walikuwa watu wa matatu. Alhamisi saa kumi na moja jioni, mmoja anashuka stendi ya Kitale akitokea Eldoret, mkobani kipakatalishi, kalamu mbili za ubao mweupe na bahasha ya kaki yenye karatasi za mtihani wa bewa jingine. Anafundisha kwa saa tatu. Kesho yake anashuka Kiminini, Kamukuywa, Webuye, hadi Bungoma, na karatasi anazisahihisha barabarani; ukiona alama imekatwa kwa mstari unaopinda, ujue hapo palikuwa na tuta. Alilipwa kwa saa. Hakuwa na ofisi, na mwanafunzi aliyekuwa na swali alimsindikiza hadi kwenye gari akiuliza njiani. Walikuwa walimu wazuri, baadhi yao wazuri kabisa. Ila chuo kilikuwa ndani ya mkoba wao, na mkoba ukiondoka kilichobaki ni chumba cha kukodi.

Ndipo mambo yalipogeuka. Mwanzoni mwa 2016, Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilikiagiza Chuo Kikuu cha Kisii kufunga mabewa 10 kwa sababu ya ubora, na wengine wakaanza kuhesabu viti vyao. Mwaka huo huo mtihani wa kidato cha nne ulisimamiwa kwa ukali mpya, na waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingilia chuo kikuu, wakawa 88,929 tu nchi nzima. Nafasi zikawa nyingi kuliko wanafunzi. Serikali ikawachukua wote na kuwalipia, na baadhi yao ikawapeleka kwenye vyuo vya kibinafsi, jambo lililovipa pumzi hadi mpango huo ulipositishwa mwaka 2023. Mwanafunzi wa kujilipia, aliyeyabeba mabewa ya ghorofani mgongoni, akawa haonekani.

Wakati huo Bungoma ilikuwa imepata chuo chake. Kibabii, palipokuwa na misheni ya Wakatoliki na chuo cha walimu, pakawa chuo tanzu cha Masinde Muliro mwaka 2011, na tarehe 14 Novemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta akakipa hati. Naibu chansela wake wa kwanza, Profesa Isaac Ipara Odeo, ni mtaalamu wa Kiswahili, jambo ambalo sisi wa kalamu tulilitaja kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Kijana wa Myanga hufika huko kwa matatu na bodaboda, na usiku analala kwao akitaka. Kina uwanja, kina mikaratusi.

Nilipita Kitale hivi karibuni nikaitafuta ile ngazi. Agroveti ipo. Mama wa mahindi amehamia upande wa pili wa barabara. Ukutani pamebaki mstatili wenye rangi iliyokolea kuliko kwingine, mahali kibao kilipoukinga ukuta na jua miaka yote, na matundu manne ya misumari. Orofa ya pili sasa ni saluni. Ubao mweupe haukung'olewa: juu yake wameandika bei za kusuka, na pembeni, kwa wino uliokataa kufutika, bado inasomeka nusu ya fomula ya wastani na mchepuko. Niliwauliza wasusi kama wanajua ni ya nini. Mmoja, bila kuinua macho kutoka kichwa cha mteja, akasema waliikuta hapo, na mwenye nyumba amekataza kuichokora ukuta usije ukaharibika.