Kombe, Mwenendo na Uhai wa Mtazamaji: Funzo la Mchezo wa Gofu

Katika Kiswahili neno gofu ni la zamani kuliko mchezo wa gofu. Wazee wetu waliliita gofu jengo lililobomoka likabaki kuta tupu, na hadi leo twasema magofu ya Kilwa na magofu ya Gedi. Mchezo wenye jina linalofanana na neno hilo ulikuja baadaye, pamoja na wageni waliokuja kututawala. Ulijengewa viwanja ndani ya ua, na mwananchi aliingia humo akiwa mkata nyasi au mbeba fimbo. Si ajabu, basi, kwamba wengi wetu hatukuuhesabu mchezo huu kuwa ni jambo letu.

Hata hivyo, historia yake ina mambo matatu yanayomhusu kila mwalimu anayewapeleka vijana uwanjani, uwe uwanja wa kandanda, wa netiboli au wa riadha. La kwanza ni nani hutunzwa kwa ushindi. La pili ni mwenendo upi umpasao mchezaji. La tatu, nalo ndilo husahauliwa mno, ni nani aulindaye uhai wa mtu aliyekuja kutazama tu.

Gofu ni mchezo wa Waskoti. Mwaka 1457 Bunge la nchi yao liliupiga marufuku pamoja na kandanda, kwa sababu vijana walikuwa wakiacha mazoezi ya upinde na mishale yaliyohitajiwa kwa ulinzi wa nchi. Marufuku hiyo haikufaulu. Mwaka 1744 wachezaji wa Leith, karibu na Edinburgh, waliandika kanuni 13, ambazo ni za kale kuliko zote zilizobakia katika maandishi. Kisha mwaka 1860 wachezaji 8 wa kulipwa walikutana mahali paitwapo Prestwick, wakashindania mkanda wa ngozi nyekundu. Aliyeuvaa mkanda huo ni Willie Park. Hapo ndipo yalipoanza Mashindano ya Wazi ya Uingereza, ambayo ni ya kale kuliko mashindano yote makubwa ya gofu.

Yafaa tukumbuke kwamba wachezaji wale wa kulipwa hawakuwa mabwana. Walikuwa mafundi wa kuchonga fimbo na kutengeneza mipira, na wengine walikuwa wabeba fimbo za matajiri. Waliruhusiwa kucheza kiwanjani, lakini hawakuruhusiwa kuketi katika jumba la klabu. Mwaka 1920, Mmarekani Walter Hagen alipofika Deal, nchini Uingereza, na kuukuta mlango wa jumba umefungwa kwa watu wa aina yake, alikodi gari la fahari, akaliegesha mbele ya jumba lile, na humo garini akawa anabadilishia nguo. Mwaka huohuo klabu ya Inverness katika mji wa Toledo, Marekani, iliwafungulia milango wachezaji wa kulipwa, nao wakaishukuru kwa kuizawadia saa kubwa ya kusimama. Kwa hiyo, hata miongoni mwa Wazungu wenyewe, mchezo huu ulikuwa na tabaka la juu na tabaka la chini, na heshima ya mshindi ilibidi idaiwe.

Lakini mlango uliofunguliwa kwa fundi mweupe uliendelea kufungwa kwa mtu mweusi. Katiba ya chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani ilikuwa na kifungu kilichowakubali watu weupe peke yao, na kifungu hicho hakikufutwa hadi mwaka 1961. Katika Afrika Kusini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Huko Durban alikuwako Sewsunker Sewgolum, aliyejulikana kwa jina la Papwa, mtu wa asili ya Kihindi aliyeanza akiwa mbeba fimbo. Aliishika fimbo kinyume cha wenzake, mkono wa kushoto ukiwa chini ya wa kulia, wala hakuna mwalimu aliyemfunza hivyo. Mwaka 1959 alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Mwaka 1963 akashinda mashindano ya wazi ya Natal, katika mji wake mwenyewe. Siku ya kukabidhiwa kombe mvua ilinyesha. Weupe aliowashinda walikuwa ndani ya jumba. Yeye mshindi, kwa kuwa ngozi yake haikuwa nyeupe, alilipokea kombe nje, akilowa mvua. Mwaka 1965 alishinda tena mashindano hayo, akimpita Gary Player aliyekuwa mmoja wa mabingwa wa dunia. Baada ya hapo serikali ya makaburu ikamnyima vibali vya kucheza, na mwaka 1978 akafa hali ya kuwa kipaji chake kimefungiwa.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Papwa alicheza kwao, akashinda kwao, asitunzwe. Anayeijua habari yake hatashangaa kwa nini Tanzania, mwaka 1976, iliacha kwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Montreal kwa kupinga ziara ya timu ya raga ya New Zealand nchini Afrika Kusini, hata Filbert Bayi, aliyekuwa fahari ya taifa letu, akaikosa nafasi ya kushindana na John Walker katika mbio za mita 1500. Gharama yake ilikuwa kubwa. Lakini taifa lililokubali gharama hiyo lilikuwa limekwisha kufahamu kwamba kombe linalotolewa mahali pasipo na utu halina thamani.

Sasa tuutazame mwenendo wa mchezaji. Katika kandanda mwamuzi humfuata mchezaji kila aendako. Katika gofu, mara nyingi, mchezaji huwa peke yake na mpira wake kwenye nyasi ndefu, na makosa yake huyajua yeye na Mungu wake. Mwaka 1925, katika mashindano ya wazi ya Marekani yaliyofanyika Worcester, Bobby Jones alijitayarisha kuupiga mpira, nao ukasogea kidogo. Hakuna aliyeuona ukisogea ila yeye. Wasimamizi wakamwachia aamue mwenyewe, naye akajihesabia pigo moja la adhabu. Mwisho wa mashindano alitoka sare na Willie Macfarlane, na katika marudio akashindwa kwa pigo moja. Watu walipomsifu kwa unyofu wake, aliwajibu kwamba kumsifu kwa jambo hilo ni sawa na kumsifu mtu kwa kuwa hakuiba benki. Jones hakuwa mchezaji wa kulipwa, bali wa ridhaa. Lakini kipimo alichokiweka ndicho walichopimwa nacho wote waliomfuata, wa kulipwa na wa ridhaa.

Mwaka 1969, katika mashindano ya Kombe la Ryder kati ya Marekani na Uingereza yaliyofanyika Royal Birkdale, matokeo yote yalibakia mikononi mwa wachezaji wawili katika shimo la mwisho. Jack Nicklaus wa Marekani alikwisha kutumbukiza mpira wake. Tony Jacklin wa Uingereza alibakiwa na masafa yasiyofika mita moja. Angekosa, Uingereza ingeshindwa. Nicklaus akaiokota alama ya mpira wa mwenzake na kumhesabia kuwa umeingia, kwa maana hakutaka mwenzake abebe aibu ya kukosa pigo dogo mbele ya taifa lake. Timu zikatoka sare, 16 kwa 16. Wako wenziwe wa Marekani waliomnung'unikia, lakini miaka ilivyopita, sare ile ndiyo iliyokumbukwa kuliko ushindi mwingi. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Nicklaus alituongezea jambo jingine: kwamba mshindani wa kweli hamwombei mwenzake aanguke.

Tukifika kwa mtazamaji, twakuta kwamba historia imekuwa na macho mazito. Majina ya washindi yamechorwa katika makombe, lakini waliodhurika wakitazama hawana kombe la kuchorwa. Katika gofu hatari ni dhahiri. Mtazamaji haketi jukwaani mbali na mchezo, bali husimama kando ya njia ya mpira wenyewe. Mpira wa gofu una uzito usiozidi gramu 46, lakini unapopigwa na bingwa huruka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 250 kwa saa. Mwezi Septemba mwaka 2018, karibu na Paris, katika siku ya kwanza ya Kombe la Ryder, mpira uliopigwa na Mmarekani Brooks Koepka ulikwenda kombo ukamgonga mtazamaji usoni, akapoteza nuru ya jicho moja. Mpigaji hakukusudia. Lakini kutokukusudia hakurudishi jicho. Swali lililobaki ni la waandaaji: je, kamba ilifungwa mbali ya kutosha, na je, watu walionywa kwa sauti ya kusikika?

Hatari nyingine hutoka juu. Mwaka 1991 ulikuwa mwaka wa msiba kwa mchezo huu nchini Marekani. Mwezi Juni, katika mashindano ya wazi ya nchi hiyo yaliyofanyika Hazeltine, jimbo la Minnesota, watazamaji walikimbilia chini ya mti wakati wa tufani. Radi ikapiga, mmoja akafa na watano wakajeruhiwa. Miezi miwili haikutimia. Mwezi Agosti, katika mashindano ya ubingwa wa wachezaji wa kulipwa yaliyofanyika Crooked Stick, jimbo la Indiana, radi ikamwua mtazamaji mwingine siku ya kwanza, alipokuwa katika eneo la kuegesha magari baada ya mchezo kusimamishwa. Alikuwa baba wa mabinti wawili.

Mshindi wa mashindano hayo ya Agosti alikuwa John Daly, kijana wa miaka 25 ambaye jina lake halikujulikana na wengi. Alikuwa katika orodha ya akiba, mtu wa tisa. Mchezaji aliyekuwa na nafasi alijitoa kwa kuwa mkewe alikuwa karibu kujifungua, na Daly akaendesha gari usiku kucha kutoka Memphis ili awahi. Hakuwa amecheza hata mara moja katika kiwanja kile. Akawashinda wote kwa mapigo matatu, akapewa zawadi ya dola 230,000. Katika fedha hizo alitoa dola 30,000 kwa ajili ya elimu ya mabinti wa yule marehemu, mtu ambaye hakupata kumwona.

Daly hakuwa walii. Katika miaka iliyofuata aliandamwa na ulevi na kamari, mambo aliyoyakiri mwenyewe hadharani, na mara kadhaa aliadhibiwa kwa utovu wa nidhamu. Ndiyo maana mfano wake wafaa kusomwa darasani bila kuupamba. Mtu mmoja aweza kuwa na makosa mengi, na bado siku moja akatambua kwamba kombe lake na msiba wa nyumba nyingine ni vya wiki moja na kiwanja kimoja. Hata hivyo tusikosee: ukarimu si badala ya ulinzi. Fedha za Daly zilisaidia kusomesha yatima. Hazikuwazuia wasiwe yatima. Kazi ya kuzuia ni ya wenye mamlaka ya uwanja. Waandaaji wa mashindano makubwa walijifunza kuweka wataalamu wa hali ya hewa viwanjani, kupiga king'ora mapema, na kuwatafutia watu hifadhi. Na kanuni za gofu zilizotolewa mwaka 2019 zimeuweka mwenendo wa mchezaji katika kanuni ya kwanza kabisa, zikimtaka awe mwaminifu, awajali wengine pamoja na usalama wao, na akitunze kiwanja.

Katika Afrika Mashariki mashindano ya wazi ya Kenya yalianza mwaka 1967. Yameshindwa na mabingwa wakubwa, kama Seve Ballesteros wa Hispania mwaka 1978 na Ian Woosnam wa Wales mwaka 1986. Mwaka 1998 Jacob Okello, mwana wa Kenya, alifika hadi marudio ya kuamua mshindi, akashindwa na Ricardo González wa Argentina. Hadi mwaka 2025 hakuna Mkenya aliyekuwa amelitwaa kombe hilo, lakini siku itafika, na atakayelitwaa atalipokea ndani, chini ya paa, pamoja na watu wote.

Hata shule isiyo na fimbo ya gofu ina uwanja, ina washindi, na ina watazamaji ambao ni watoto wa watu. Kanda ya Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi, na kila mwaka wa masomo wanafunzi huchezea uwanjani chini ya mawingu. Mwalimu na ajue haya. Sauti ya ngurumo husafiri kilomita moja kwa muda wa karibu sekunde 3. Ukiona umeme, ukahesabu, na ngurumo ikaja kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10: filimbi ipigwe na mchezo ukome, hata kama imebaki dakika moja na timu yenu inaongoza. Watoto waingie katika jengo imara lenye kuta, au gari lililofungwa lenye bodi ya chuma. Wasisimame chini ya mwembe, wala kwenye banda lisilo na kuta, wala karibu na milingoti ya magoli. Mchezo usianze tena mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Katika vitabu vya shule zetu huandikwa jina la timu iliyotwaa kombe. Ingefaa chini yake tuandike pia kwamba siku hiyo watoto wote walirudi nyumbani salama. Hilo nalo ni ushindi, na ndilo wazazi wao walilolitazamia walipowaaga asubuhi.