Roboti ya kuandaa dawa za sindano
Roboti hii huvuta dawa kutoka kichupani na kuijaza katika bomba la sindano ndani ya kasha lenye hewa iliyochujwa, bila kuguswa na mkono. Mizani huhakiki kipimo, kisha lebo hubandikwa.

Mwaka 2011, hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ilitangaza kuwa roboti za famasi yake zimeandaa dozi 350,000 bila kosa. Lakini mwaka 2013, mgonjwa kijana alipewa humo vidonge zaidi ya 38 badala ya kimoja: daktari alikosea kuagiza kwa kompyuta, mfamasia akaidhinisha, roboti ikatii. Kijana huyo alinusurika.

Mtambo huondoa kosa la mkono. Agizo lenye kasoro bado lahitaji mtu wa kulitilia shaka.